Kiingereza cha Kuomba Msaada Kifundishwe Kabla ya Salamu

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kuanzia Kashikishi hadi Kafutuma na mialo mingine ya wilaya ya Nchelenge, mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuhitaji neno moja la Kiingereza. Samaki huuzwa kwa Kibemba. Deni la nyavu hudaiwa kwa Kibemba au kwa Kiswahili, kutegemea nani anamdai nani. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, huja na Kiswahili chao cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa, na huelewana na wenyeji vizuri tu. Tangu Agosti 2017, vita vilipowasukuma maelfu ya watu kutoka Haut-Katanga na Tanganyika kuingia Zambia, Kiswahili kimeongezeka zaidi. Makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani humo mwaka 2018, yana familia nyingi zinazozungumza lugha hiyo nyumbani. Kiingereza ni cha ofisini na darasani, na kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Maisha yanakwenda bila hicho mpaka siku boti inapozama, mama anapotokwa damu baada ya kujifungua, au nyumba ya nyasi inaposhika moto usiku. Siku hiyo mtu hushika simu na kupiga 999 kwa polisi, 991 kwa gari la wagonjwa au 993 kwa zimamoto, na huko anakopiga lugha ya kazi ni Kiingereza.

Ni kweli kwamba watu wa ziwani wanahitaji kujifunza Kiingereza, na wengi wao wanakitaka. Swali langu ni kipi kifundishwe kwanza. Mafunzo ya Kiingereza kwa watu wazima, karibu popote katika ukanda wetu, huanza na salamu, kisha majina, familia, siku za wiki na bei za sokoni. Dharura, ikiwa imo kabisa, huwekwa mbali huko mwishoni, ambako mvuvi aliyeacha darasa msimu wa samaki ulipofunguliwa hafiki. Nadhani mpangilio huu umegeuzwa chini juu. Salamu hazihitaji haraka, kwa kuwa ukishindwa kusalimu kwa Kiingereza utasalimu kwa Kibemba na utaitikiwa. Lugha ya kuomba msaada haina mbadala wa namna hiyo. Nayo si lugha kubwa: ni sentensi chache zinazoweza kukaririwa kwa wiki mbili na mtu asiyejua kusoma. Hiyo ndiyo inayopaswa kuwa somo la kwanza, ifundishwe kama ufundi wa kujitegemea badala ya kusubiri Kiingereza kizima kikamilike.

Wapo watakaosema kwamba mtu akishajua Kiingereza, cha dharura kitakuja chenyewe. Tukio la tarehe 25 Januari 1990 linaonyesha vingine. Ndege ya Avianca namba 52, iliyotoka Bogotá kupitia Medellín, ilikuwa ikikaribia New York katika hali mbaya ya hewa. Ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa nzima ikisubiri zamu ya kutua, huku mafuta yakipungua. Rubani msaidizi ndiye aliyezungumza na waongozaji wa ndege, na alikijua Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofanyia kazi. Aliwaambia kwamba wanahitaji kupewa kipaumbele. Baadaye akawaambia kwamba mafuta yanawaishia. Nahodha wake alimwagiza kwa Kihispania awaambie kuwa wako katika hali ya dharura, lakini neno hilo la Kiingereza, “emergency”, halikufika masikioni mwa waongozaji. Kwao, ndege inayosema mafuta yanapungua ni moja kati ya nyingi zinazosema hivyo jioni yenye msongamano. Ndege inayotangaza dharura huondolewa kwenye foleni papo hapo. Avianca 52 iliishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck, kisiwani Long Island. Watu 73 kati ya 158 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Marekani walitaja miongoni mwa sababu kushindwa kwa marubani kutangaza dharura ya mafuta. Hapa sarufi haikuwa tatizo, wala lafudhi. Lililokosekana ni tendo moja la lugha, lile linalombadilisha msikilizaji kutoka mtu anayepokea taarifa kuwa mtu anayetuma msaada. Ikiwa rubani mwenye leseni ya kimataifa aliweza kulikosa, hatuwezi kutumaini kwamba mchuuzi wa samaki wa Kafutuma atalipata kutokana na somo la siku za wiki.

Mabaharia walijifunza jambo lilo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 7 Aprili mwaka huohuo wa 1990, meli ya abiria Scandinavian Star ilishika moto ikiwa safarini kutoka Oslo kwenda Denmark, na watu 159 wakafa. Wafanyakazi wake walitoka nchi mbalimbali, na wengi hawakuweza kuelewana na abiria, wala wao kwa wao. Shirika la Kimataifa la Bahari halikujibu kwa kuwaagiza mabaharia wote wa dunia wakasome Kiingereza cha chuo kikuu. Lilipitisha, Novemba 2001, mkusanyiko wa sentensi maalumu za mawasiliano baharini. Ni fupi, zimenyooka, na kila moja ina kazi yake: niko wapi, nina tatizo gani, nina watu wangapi, nahitaji nini. Mfilipino anazisema, Mgiriki anazielewa, na wote wawili huenda wasiweze kuzungumzia hali ya hewa kwa lugha hiyo. Sentensi hizo ndizo zinazofundishwa leo katika vyuo vya ubaharia. Sioni sababu ya kuwanyima wavuvi wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 5,000 kile ambacho bahari imewapa mabaharia wake.

Kwa Mweru, sentensi hizo zianze na mahali. Mpiga simu aliyeshtuka huanza na kisa: mume wangu aliondoka jioni, upepo ukaja, nilimwambia asiende. Anayepokea anasikiliza yote hayo bila kujua ampeleke mtu wapi, na simu ikikatika katikati ya kisa hakuna kilichopatikana. Ikikatika baada ya sentensi ya kwanza kutaja mahali, bado kuna pa kuanzia. Na hapa ziwani kutaja mahali si jambo jepesi. Chukua jina la Kilwa. Kipo kisiwa cha Kilwa, kilicho Zambia, chenye vijiji na wavuvi wengi. Upo pia mji wa Kilwa, ng'ambo, katika mkoa wa Haut-Katanga, ule ambao wakazi wake waliukimbia Oktoba 2004 wakati jeshi la Kongo lilipoua zaidi ya watu 70, na wengi wakavuka ziwa kuja upande huu. Mtu akipiga simu na kusema tu kwamba boti imezama Kilwa, askari wa Nchelenge ana haki ya kuuliza kama jambo hilo liko hata ndani ya nchi yake. Tofauti ya “Kilwa Island, Zambia” na “Kilwa” peke yake ni ya maneno mawili, na inaamua kama injini itawashwa. Vivyo hivyo Kafutuma: itajwe pamoja na Nchelenge, kisha kitu kinachoonekana hata usiku, kama shule, kanisa, zahanati, mnara wa simu au mwalo. Vijiji vyetu havina namba za nyumba wala majina ya mitaa. Kinachobaki ni alama hizo, na majina ya alama hizo kwa Kiingereza hayazidi kumi.

Mtazame mvuvi wa dagaa, wale wanaoitwa chisense hapa. Kazi yake ni ya usiku, kwa taa, na mtumbwi wake unaweza kuwa mbali na nchi kavu upepo unapobadilika. Simu yake iko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, isilowe. Akibahatika kupata mtandao, ana dakika moja au mbili, mikono ina maji na chaji imebaki kidogo. Anachoweza kusema katika muda huo ni hiki: “We are on Lake Mweru, near Kafutuma, Nchelenge. Our boat is sinking. We are four people.” Mahali, tukio, idadi. Kisha afuatishe namba ya simu ya mtu aliye ufukoni, kwa sababu yake itazimika. Akiongeza “Please send help” inatosha. Hiyo ni sentensi nne na namba moja. Mtu akizisema kwa sauti mara tano kila jioni ya darasa, baada ya mwezi zitatoka zenyewe, na hapo ndipo panapotakiwa, kwani hofu hufuta kwanza yale tunayoyatunga na huacha yale tuliyoyazoea mdomoni.

Yapo makosa machache ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyafanya kwa kawaida, na mwalimu anayejua Kiswahili anaweza kuyazuia mapema. La kwanza ni saa. Aliyezoea saa za Kiswahili cha pwani na bara akiulizwa mtoto alikunywa dawa ya nyavu au ya panya saa ngapi, anaweza kufikiri saa mbili na kutamka “two o'clock”, hali alimaanisha saa nane za Mzungu. Muuguzi anayeamua nini bado kinawezekana anakuwa amepotezwa kwa saa sita nzima. Dawa yake ni kuacha kabisa kutaja saa na kusema muda uliopita: dakika thelathini, saa moja, tangu jana. La pili ni jinsi. Lugha yetu haimtenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi, kwa hiyo mama mjamzito hugeuka “he” katikati ya maelezo, na anayesikiliza hudhani wagonjwa ni wawili. Basi mtu afundishwe kusema mwanamke, mwanamume, mtoto, kila mara, bila kutumia nafsi. La tatu linawahusu hasa waliosoma Kongo: kuhesabu kwa Kifaransa. Mtu aliyehesabu kwa Kifaransa tangu utoto atasoma namba ya simu kwa Kifaransa akishtuka. Basi tarakimu zifundishwe moja moja, kutoka sifuri hadi tisa, na zisomwe moja moja. Haya hayamo katika vitabu vya Kiingereza vinavyochapishwa London, na hakuna sababu yawemo, kwa kuwa waandishi wake hawakumfikiria mtu wa Mantapala.

Pingamizi la kwanza, na nalichukulia kwa uzito, ni kwamba Kibemba kinatosha. Luapula ni mkoa wa Kibemba. Kibemba ni mojawapo ya lugha saba za asili zinazotambuliwa shuleni na redioni Zambia, na mwaka 2014 sera ya elimu iliagiza madarasa ya chini kabisa yafundishwe kwa lugha inayozoeleka mahali husika. Mwanakijiji wa Kafutuma akipiga simu kwa Kibemba ana nafasi nzuri ya kueleweka, na sitamwambia akiache. Lakini polisi, wauguzi na madaktari wa Zambia huajiriwa na serikali na kupelekwa mkoa wowote. Anayepokea simu leo anaweza kuwa Mbemba, na wa kesho akawa Mlozi au Mtonga aliyefika mwezi uliopita. Zaidi ya hapo, ujumbe hauishii kwa aliyeupokea. Zahanati humwandikia mgonjwa barua ya rufaa kwa Kiingereza kwenda hospitali ya misheni ya St. Paul's pale Kashikishi, na akizidiwa huko, kwenda Mansa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Katika kila kituo jamaa wa mgonjwa huulizwa upya kilichotokea. Na aliyevuka kutoka Kongo, ambaye Kibemba chake ni cha sokoni au hana kabisa, yuko pabaya zaidi, kwa sababu Kiswahili hakimo kati ya zile lugha saba. Ningependa kila darasa lifundishe sentensi zilezile kwa Kibemba na kwa Kiingereza pamoja. Nazo ni chache kiasi kwamba hilo halimchoshi mtu.

Pingamizi la pili ni la haki, na ndilo lenye nguvu zaidi. Kwa nini mzigo abebeshwe anayezama? Anayelipwa mshahara ili apokee simu ndiye ajifunze lugha za watu. Hoja hii ina ushahidi. Australia ilianzisha huduma ya ukalimani kwa simu mwaka 1973, ili mhamiaji asiyejua Kiingereza asaidiwe katika dharura. Kule San Jose, California, mwaka 1982, huduma kama hiyo ilianzishwa kwa mchango wa askari polisi aliyeona wakimbizi wa Vietnam wakishindwa kueleza shida zao. Leo anayepiga simu ya dharura katika miji mingi ya Marekani akisema Kiswahili tu anaweza kuunganishwa na mkalimani. Karibu zaidi, Tanzania ilizindua kitaifa mwaka 2022 mpango wa m-mama. Mama mjamzito au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo, mpokeaji huzungumza naye Kiswahili, na gari hutafutwa, likiwa la wagonjwa au la dereva wa kijijini aliyekubaliwa awali. Hakuna anayeulizwa Kiingereza. Huo ndio mfano wa kuigwa, na Zambia ikiweka hata orodha ya wazungumzaji wa Kiswahili na Kifaransa wanaoweza kupigiwa kutoka kituo cha polisi cha Nchelenge, itakuwa imefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo. Mantapala kuna walimu na wauguzi wa zamani wanaoweza kazi hiyo. Ila mkalimani huingia baada ya simu kupokelewa na lugha kutambuliwa, na hizo ni dakika. Hata San Jose, anayeweza kusema “Swahili, please” na kutaja mahali alipo huokoa dakika hizo. Kudai haki kwa serikali hakupingani na kumwandaa mtu kwa usiku wa leo. Ninachokataa ni serikali kuyachukua madarasa haya kama sababu ya kutoajiri wakalimani.

Tatu, husemwa kwamba hata ukizungumza Kiingereza cha bungeni, gari halitakuja: njia ni mbaya, mafuta hakuna, boti ya uokoaji haipo. Anayesema hivi anaijua hali ya vijijini, na simpingi juu ya ukweli wake. Nampinga juu ya anachokihitimisha. Wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kuhusu vifo vya uzazi na kuonyesha kwamba ucheleweshaji una sehemu tatu: kuamua kutafuta msaada, kufika kwenye huduma, na kuhudumiwa baada ya kufika. Simu ya wazi inagusa zote. Asiyejua la kusema husita kupiga, na husita kwa aibu zaidi ya umaskini. Aliyesema wazi humwezesha muuguzi kuandaa damu au kumwita daktari mgonjwa akiwa bado juu ya baiskeli au ndani ya mtumbwi. Ndiyo, wa kwanza kufika karibu siku zote watakuwa majirani. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia kwa mitumbwi yao, na mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijeruhiwa akijaribu kuwatoa waliokwama. Watu 24 walinusurika na 19 walikufa. Majirani wale hawakuhitaji lugha ya kigeni kuogelea. Lakini majirani wa Kafutuma wakishamtoa mtu majini akiwa hapumui vizuri, kinachofuata kinahitaji mtu wa mbali, na mtu wa mbali hupatikana kwa simu.

Jambo moja la kiufundi lisipuuzwe katika mafunzo hayo. Ufukoni mwa mpaka, simu huweza kushika mawimbi ya ng'ambo, na wengi wana laini za nchi zote mbili. Mtu afundishwe kutazama juu ya kioo ni mtandao gani ulioshika kabla ya kubonyeza namba, na awe na namba za moja kwa moja za zahanati na kituo cha polisi cha karibu, zimeandikwa kwenye ubao wa mtumbwi au juu ya mlango, siyo ndani ya simu tu. Watoto nao wajue kwamba 116 ni simu ya watoto, na kwamba wanaweza kuipiga wenyewe.

Watoto wanastahili neno la ziada, kwa sababu katika nyumba nyingi za Mantapala wao ndio wenye Kiingereza bora. Wanakipata shuleni, katika mtaala wa Zambia, wakati wazazi wao walisoma kwa Kifaransa. Mzazi humsukumia mtoto simu. Hilo litaendelea tupende tusipende, basi mtoto afundishwe sentensi zilezile pamoja na mama yake. Lakini kumtegemea mtoto wa miaka tisa aeleze jinsi mama yake anavyotokwa damu ni kumbebesha jambo ambalo si la umri wake, na usiku ambao mtoto yuko kwa bibi yake mama huyo hana sauti. Mtu mzima ajifunze yake. Umri si kikwazo kwa sentensi nne, na wanaodai hawawezi kushika lugha wameshika nyimbo ndefu za kanisani katika lugha wasizozizungumza nyumbani.

Kuanzia hapa kazi ni ya watu wanaojulikana. Zambia hufunga uvuvi Mweru kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari kila mwaka. Miezi hiyo mitatu wavuvi wako nchi kavu, na ndio wakati wa kuwafundisha. Kliniki ya wajawazito hukutanisha wanawake kila wiki, wakisubiri kwa saa nyingi kwenye benchi. Robo saa ya benchi hilo inatosha. Makanisa yana vikundi vya akina mama, na polisi wana maofisa wa ushirikiano na jamii wanaoweza kuja wenyewe kusikiliza sentensi hizo na kusema kama wamezielewa. Na mimi ningetaka wazijaribu kwa simu halisi, mtu akiwa chumba kingine, maana kusikilizana uso kwa uso si kipimo. Mashirika yanayotoa fedha za mafunzo ya lugha kwa wakimbizi yaulize swali moja kabla ya kuidhinisha mtaala: baada ya wiki mbili, mwanafunzi huyu ataweza kuita gari la wagonjwa? Jibu likiwa hapana, mtaala urudishwe kwa aliyeuandika. Walimu wa Kashikishi, Mantapala na Kafutuma nao wasisubiri mtaala. Desemba uvuvi utakapofungwa, somo la kwanza liwe jina la kijiji, jina la wilaya, kilichotokea, na watu ni wangapi.